Ghala, Boma na Bunduki: Mchezo wa Hesabu Kutoka Milima ya Usambara

Asimamaye juu ya mwamba wa Irente, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto, huona nchi mbili kwa mara moja. Nyuma yake viko vilima vya kijani, migomba, mashamba ya mboga na hewa ya baridi. Mbele yake ardhi imekatika ghafla, na chini, kadiri ya meta 1,000, imetandazwa nyika ya joto iliko Mazinde. Wasambaa tangu zamani wamezitenga nchi hizo kwa majina mawili: Shambaai, yaani nchi ya mlimani, na nyika, yaani nchi ya chini, ambako mvua ikinyesha mavuno huwa mengi na isiponyesha huwa hakuna kitu.

Mtu akitaka kujenga mji, ajenge wapi? Akisha kujenga, aweke watu wangapi shambani na wangapi katika ulinzi? Na je, chakula kilichomo ghalani mwa jirani ni cha kununua, cha kuomba, au cha kunyang'anya? Hayo yalikuwa maswali ya uhai na mauti katika Usambara ya karne ya 19. Leo yanaweza kuwa maswali ya somo la hesabu, la historia na la jiografia, tena kwa njia ambayo wanafunzi huipenda kuliko zote, nayo ni mchezo.

Asili ya michezo ya namna hii

Mchezo wa vita si jambo jipya. Barazani, wachezaji wa bao la Kiswahili hupigana kwa kete 64, na kila mmoja ana shimo moja liitwalo nyumba, ambalo huanza na kete sita. Mchezaji hodari hutambulikana kwa jinsi anavyojua wakati wa kuitunza nyumba yake na wakati wa kuitumia. Huko Ulaya, afisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa mwaka 1824 mchezo wa kufundishia maafisa wa jeshi, uliochezwa juu ya ramani kwa kutumia dadu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mchezaji huivaa nafsi ya mtu fulani, akasema na kutenda kama mtu huyo, huku dadu zikiamua yale yasiyoweza kujulikana mapema. Kutoka hapo lilizaliwa kundi kubwa la michezo ya kuigiza nafasi.

Kompyuta ziliupokea mtindo huo. Mingi ya michezo hiyo hutengenezwa na makampuni makubwa, lakini mingine ni kazi ya mtu mmoja au ya kikundi kidogo kinachojitegemea. Mfano mmoja ni Kenshi, uliokamilishwa mwaka 2018 baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi iliyoanzwa na Mwingereza Chris Hunt akiwa karibu peke yake. Humo mchezaji si shujaa. Huanza akiwa mtu mnyonge katika nchi ya jangwa. Anaweza kupigwa, kufa njaa au kutekwa. Akijaliwa hukusanya wenzake, hujenga makazi, hulima, huzungusha ukuta, na mara moja huvutia macho ya wavamizi. Jambo linaloupa mchezo huo uzito ni moja tu: mkono unaoshika upanga ndio uleule unaotakiwa kushika jembe.

Shule isiyo na kompyuta haikosi mchezo wa aina hiyo. Yahitajika karatasi ngumu, punje za mahindi, maharage, na dadu mbili. Dadu zikikosekana, vipande sita vya karatasi vilivyoandikwa namba 1 hadi 6 na kutikiswa ndani ya kopo vyatosha, mradi kipande kirudishwe koponi kila baada ya kusomwa. Mchezo unaoelezwa hapa umewekwa katika milima ya Usambara, na hesabu zake zinaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari.

Kanuni za mchezo

Darasa ligawanywe katika miji minne. Kila mji huanza na watu 10, wawakilishwao na maharage, na mizigo 12 ya chakula ghalani, iwakilishwayo na punje za mahindi. Kila zamu ni msimu mmoja wa mvua, masika au vuli. Kila mtu hula mzigo mmoja kwa msimu, awe mkulima, mlinzi au mzee.

Kila msimu mji hugawa watu wake: wa kulima mlimani, wa kulima nyikani, wa kujenga, wa kulinda au wa kwenda vitani. Kisha dadu moja hutupwa kwa ajili ya mvua ya nchi nzima. Mlimani, kila mkulima hupata mizigo 2, isipokuwa dadu ikionyesha 1, ambapo hupata mzigo mmoja tu. Nyikani, dadu ikionyesha 5 au 6 kila mkulima hupata mizigo 4. Ikionyesha 3 au 4 hupata mizigo 2. Ikionyesha 1 au 2 hapati kitu. Mtu aliyekosa chakula huhama na kwenda kuishi katika mji wenye ghala kubwa kuliko mingine.

Boma hujengwa na watu wawili kwa misimu miwili. Bunduki moja hununuliwa kwa mizigo 6 kutoka kwa misafara ipitayo nyikani. Vitani kila upande hutupa dadu na kujumlisha idadi ya wapiganaji wake. Boma humwongezea mlinzi 3, na kila bunduki humwongezea mvamizi 2. Wakitoka sare, mlinzi ndiye mshindi. Mvamizi akishinda huchukua nusu ya ghala. Akishindwa hupoteza mtu mmoja.

Jambo la mwisho ndilo linaloufanya mchezo huu kuwa wa kuigiza nafasi. Katika kila mji mwanafunzi mmoja awe mzee wa mji, mwingine mama mkulima ambaye ndiye mwenye daftari la ghala, mwingine mganga wa mvua ambaye ndiye atupaye dadu, mwingine mlinzi, na mwingine mchuuzi wa msafara. Kila mmoja aseme kwa nafasi yake. Mzee haruhusiwi kumtuma mtu vitani kabla ya mama mkulima kusoma daftari kwa sauti.

Hesabu ya ghala

Wanafunzi wengi hukimbilia nyikani mara wanapoanza, na hawakosi sababu. Wastani wa mavuno ya mkulima wa nyikani ni jumla ya 0, 0, 2, 2, 4 na 4 ikigawanywa kwa 6, yaani mizigo 2. Wastani wa mkulima wa mlimani ni jumla ya 1, 2, 2, 2, 2 na 2 ikigawanywa kwa 6, yaani mizigo 1.83. Kwa wastani, basi, nyika inazaa zaidi.

Lakini tumbo halishibi wastani. Ichukuliwe miji mitatu, kila mmoja ukiwa na wakulima saba. Wa kwanza umewapeleka wote nyikani, wa pili umewaweka wote mlimani, na wa tatu umewapeleka wanne mlimani na watatu nyikani. Sasa mganga atupe dadu mara mbili, na mara zote mbili itoke 1.

Mji wa nyikani hauvuni kitu. Msimu wa kwanza hula mizigo 10 kati ya 12 iliyomo ghalani. Msimu wa pili watu wanane hawana chakula nao huhama. Mji umekwisha. Mji wa mlimani huvuna mizigo 7 kila msimu na kubakiwa na mizigo 6. Mji wa tatu huvuna mizigo 4 kila msimu. Ghala lake hushuka kutoka 12 hadi 6, kisha hadi sifuri kamili, lakini hakuna mtu aliyehama.

Je, si bora basi kukaa mlimani daima? Katika misimu kumi ya kawaida, baada ya watu wote kula, mji wa mlimani huweka akiba ya mizigo 28 kwa wastani, na mji uliogawanya watu wake huweka 33. Mji wa nyikani ungeweka 40, kama ungeishi. Uwezekano wa nyika kukosa mavuno kabisa katika msimu mmoja ni 2 kwa 6, na kwa misimu miwili mfululizo ni 1 kwa 9. Hatari hiyo si ya mbali.

Hapa hesabu inakutana na elimu ya wazee. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme wa Wasambaa, ameeleza kwamba vijiji vingi vya zamani vilikuwa karibu na ukingo wa mlima, ili watu walale Shambaai penye migomba na baridi, na pia waweze kushuka kulima nyikani. Wazee hao hawakuandika jedwali la uwezekano. Walilijua kwa njaa walizozipita. Mwanafunzi agunduaye mwenyewe, kwa punje za mahindi, kwamba mji wa ukingoni ndio wenye akiba na usalama pamoja, ameielewa jiografia ya Usambara kuliko aliyeikariri.

Hesabu ya vita

Dadu mbili, moja ya mvamizi na moja ya mlinzi, zina matokeo 36. Katika matokeo 15 dadu ya mvamizi ni kubwa, katika 15 ni ndogo, na katika 6 ni sare. Kwa kuwa sare ni ya mlinzi, mvamizi mwenye watu sawa na mlinzi ana uwezekano wa 15 kwa 36.

Mlinzi akiwa na boma, mvamizi hushinda katika matokeo matatu tu: 5 kwa 1, 6 kwa 1, na 6 kwa 2. Boma limempunguzia mvamizi nafasi kutoka 15 hadi 3. Lakini mvamizi akija na bunduki mbili, nafasi zake dhidi ya boma lilelile hupanda kutoka 3 hadi 21. Zimekuwa mara saba, ingawa idadi ya watu haikubadilika. Dhidi ya mji usio na boma nafasi zake ni 33 kwa 36.

Sasa yafaa kuuliza swali ambalo wachezaji wenye hamaki hulisahau: je, vita vinalipa? Tuseme watu watatu wa mlimani wanatumwa kuvamia mji wenye mizigo 12 ghalani. Wakishinda watapata 6. Bila bunduki, na bila boma upande wa pili, wastani wa mapato yao ni 6 mara 15 kugawanywa kwa 36, yaani mizigo 2.5. Lakini watu hao watatu, kama wangebaki shambani, wangevuna 3 mara 1.83, yaani mizigo 5.5. Vita vimewatia hasara ya mizigo 3, kabla ya kumhesabu mtu anayeweza kupotea.

Na wakiwa na bunduki mbili? Wastani wa mapato ni 6 mara 33 kugawanywa kwa 36, yaani mizigo 5.5 barabara. Wamepata kile kile ambacho wangekipata kwa jembe, na bunduki zimewagharimu mizigo 12. Dhidi ya boma mapato ni 3.5 tu. Kwa hiyo miji inayocheza kwa akili huacha vita baada ya misimu michache. Hujenga boma, hubadilishana chakula na kuongeza watu.

Vugha na Mazinde: mahali kanuni zinapokosa

Ingekuwa vizuri kama makala haya yangeishia hapo. Lakini mchezo ni kielelezo tu cha mambo, na kielelezo hupimwa kwa kulinganishwa na mambo yenyewe. Historia ya Usambara haikwenda kama mchezo huu.

Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vugha, mji mkuu wa Wakilindi uliokuwa kusini ya Lushoto, hadi alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852, na Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857. Nguvu ya mfalme ilikuwa katika mlima, katika watoto wake aliowaweka kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, na katika imani ya watu kwamba mvua ilikuwa mkononi mwake. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kuupima utawala: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu asiyekuwa na mpinzani huiponya nchi. Watawala washindanao huiharibu.

Baada ya kifo chake kiti kilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, alikuwa ameketi chini nyikani, Mazinde, karibu na njia ya misafara. Huko zilipita pembe za ndovu, nguo, baruti na bunduki. Mnamo mwaka 1868 Semboja alimtoa Shekulwavu Vugha. Mwaka uliofuata Wabondei waliinuka dhidi ya utawala wa Wakilindi katika vita vinavyojulikana kwa jina la Kiva. Semboja mwenyewe hakuhamia Vugha. Alimweka huko mwanawe na kubaki Mazinde. Kwa mara ya kwanza mji wa nyikani ulikuwa na nguvu kuliko mji wa mlimani, na mapigano yaliendelea kwa miaka mingi.

Kwa nini vita visivyolipa katika mchezo vililipa katika historia? Mwalimu aliulize swali hili darasani na kuwaacha wanafunzi walitafute jibu katika kanuni zao. Wengine watasema bunduki zilikuwa rahisi zaidi, wengine kwamba maghala yalikuwa makubwa zaidi. Lakini hesabu iliyokwisha kufanywa inaonyesha kwamba ngawira ya chakula peke yake haitoshi. Kuna bidhaa ambayo mchezo haukuitaja, nayo ni mtu mwenyewe. Mateka walipelekwa pwani wakauzwa, na thamani yao ikarudi mlimani kwa umbo la bunduki na baruti, ambazo zilileta mateka wengine. Vita havikulishwa na mashamba ya adui bali na watoto wake.

Hilo ndilo lililofanya hesabu igeuke. Mvamizi hakuhitaji tena kulinganisha ngawira na jembe lake, kwa sababu kila ushindi ulinunua ushindi ufuatao. Na mji uliokataa kuvamia haukuachwa kwa amani. Ulilazimika kutafuta bunduki ili usije ukatekwa, na njia ya kuzipata ilikuwa ileile. Mzunguko wa namna hii hauvunjwi na mchezaji mmoja mwema. Huvunjwa kwa kufungwa mlango wa soko. Mkataba wa mwaka 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia usafirishaji wao baharini, ingawa njia za bara hazikufungwa kwa siku moja.

Kanuni hiyo isiongezwe katika mchezo kuwa faida ya mchezaji. Njia iliyo bora ni kuiandika upande wa pili wa daftari. Mama mkulima wa mji uliovamiwa afute harage moja, kisha ahesabu: mtu huyo angevuna mizigo 18.3 katika misimu kumi na kula 10. Mji umepoteza mizigo 8.3. Halafu asome kwa sauti vitu ambavyo daftari halina safu yake: huyo alikuwa mtoto wa nani, na ni nani atakayemzika mama yake. Darasa likinyamaza kidogo hapo, somo limefika.

Mtu aliyesahauliwa katika kanuni

Usambara inatoa mfano mwingine wa kielelezo kilichoacha kitu nje. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza katika milima mingine ya Usambara. Kila mkulima aliamriwa kupiga matuta shambani mwake. Udongo ulikuwa ukipotea kweli, na matuta yalibuniwa ili kuuzuia. Lakini katika hesabu ya ofisini jasho halikuwa na bei. Kazi hiyo nzito iliwaangukia hasa wanawake, juu ya kazi walizokuwa nazo. Upinzani ulikua, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Kwa lugha ya mchezo huu, mpango uliamuru watu wawili au watatu watolewe shambani kila msimu, na hakuna aliyemwomba mama mkulima asome daftari. Ndiyo sababu kanuni ya kumsikiliza kabla ya kuamua si pambo. Kuigiza nafasi ya mwingine ni njia ya kuziona gharama ambazo mtu aliye katika nafasi yake mwenyewe hazioni.

Maswali kwa wanafunzi

1. Badilisha kanuni ili dadu ya mlimani na ya nyikani zitupwe mbalimbali. Je, mji uliogawanya watu wake unakuwa salama zaidi au chini ya hapo? Eleza kwa nini.

2. Boma huwachukua watu wawili kwa misimu miwili. Kama watu hao wangelima mlimani, wangevuna mizigo mingapi kwa wastani? Linganisha na bei ya bunduki moja.

3. Ghala la adui lapasa kuwa na mizigo mingapi ili uvamizi wa watu watatu wasio na bunduki, dhidi ya mji usio na boma, usiwe na hasara?

4. Muulize mzee wa mahali unapoishi: zamani miji ilijengwa wapi, na kwa sababu gani? Tunga kanuni za mchezo zinazolingana na majibu yake. Kisha tafuta jambo moja alilolisema ambalo kanuni zako zimeshindwa kulieleza.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anayeweza kutunga kanuni ameanza kuwa mwanahesabu. Akiweza pia kusema kanuni zake zimemsahau nani, ameanza kuwa mwanasayansi.